Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Mwanza: Nunueni dakika za katuni, ajira zitakuja

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza. Wastahiki Meya wa Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela. Ndugu Wakurugenzi wa Halmashauri zote za mkoa. Uongozi wa VETA. Na wakuu wa taasisi za umma zinazofanya kazi kandokando ya Ziwa Victoria.

YAH: AJIRA ZA VIJANA KATIKA ANIMESHENI

Waheshimiwa na ndugu, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kijana wa Igoma, Nyegezi au Buswelu anayetaka kuishi kwa animesheni hupewa vitu viwili: semina ya siku tatu, na cheti. Ijumaa jioni picha ya pamoja inapigwa. Jumatatu hakuna wa kumpa kazi hata ya sekunde kumi. Sisi tunaoifanya kazi hii, wachoraji, watu wa storibodi (michoro inayopanga hadithi tukio kwa tukio), waunda modeli, animeta (wanaowachezesha wahusika) na mafundi sauti, hatuji kuomba semina nyingine. Tunaomba mnunue. Taasisi zenu tayari zinalipia mabango, vipeperushi, fulana na vipindi vya redio vya uhamasishaji. Sehemu ya fedha hizo ikinunua dakika za katuni zinazotengenezwa hapa, kwa utaratibu unaoeleweka, fani itakuwa na mshahara, na fani yenye mshahara haikosi wanafunzi.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu ajira zenyewe, maana majukwaani zinatolewa ahadi ambazo hazina mwenyewe. Sinema kubwa za nje si soko la kumtegemezea kijana wa Mwanza. Mei 2024 Pixar, studio ambayo karibu kila mwanafunzi huitaja, ilipunguza takriban asilimia 14 ya wafanyakazi wake. Kazi za mkono za ngazi ya chini, kama kusafisha mistari, kujaza rangi na kumkata mtu kutoka kwenye video fremu kwa fremu, yaani picha mojamoja zinazoiunda, ndizo zilizokuwa mlango wa nchi za malipo madogo, na sasa programu za akili mnemba zinazitafuna moja baada ya nyingine. Kumfundisha kijana mwaka mzima kazi ya aina hiyo ni kumpotezea mwaka.

Kinacholipa huku kwetu ni kingine: picha za 3D za nyumba kwa wanaojenga Buswelu na Kisesa, matangazo ya benki na saccos, video za wanamuziki na kwaya, michoro ya masomo, jumbe za afya na za usalama majini. Hazimpeleki mtu kwenye tamasha, ila kodi ya chumba inalipwa. Na zote zina hitaji ambalo mashine bado hailitimizi vizuri: mtu anayejua mambo ya hapa yakoje. Mchoraji asiyelijua ziwa huwachora wavuvi wa dagaa wakivua saa sita mchana juu ya maji ya bluu. Mtu wa Kirumba anajua dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na kwamba mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, mitumbwi inakaa mwaloni. Ujumbe ukikosea hapo, mvuvi anacheka na kuufunga kabla haujafika kwenye hoja.

Kuna historia moja inayofaa kukumbukwa. Mtindo wa uchoraji wa Tingatinga ulizaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Katuni za watoto zilizojengwa juu ya mtindo huo, vipindi 52, zilitengenezwa Nairobi, na BBC ikaanza kuzirusha 2010. Mtindo wetu, mishahara yao. Hatuwalaumu Wakenya hata kidogo. Oda ndiyo iliyowafuata. Miaka minne baadaye, 2014, Ubongo ya Dar es Salaam ilianza kurusha kipindi chake cha hisabati TBC1, na leo vipindi vyake vinatazamwa nje ya Tanzania pia. Katuni zile za Tingatinga zilikuwa na aliyelipia vipindi vingi kwa mkupuo. Studio haijengwi kwa oda ya dakika moja kila baada ya miezi sita, kwa sababu katikati ya miezi hiyo animeta mzuri ameshaenda kuuza simu Makoroboi.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, ili atakayeandaa bajeti asikisie.

Chukueni ujumbe wa sekunde 60, katuni ya 2D ya vipande, yaani mhusika amechorwa viungo mbalimbali vikaunganishwa kama karagosi. Muswada siku 2. Storibodi siku 3. Animatiki, yaani storibodi iliyowekwa kwenye muda pamoja na sauti ya majaribio, siku 1. Kurekodi sauti siku 1. Kusanifu wahusika siku 4, mandhari siku 4, kurigi, yaani kuunganisha viungo vya mhusika ili aweze kuchezeshwa, siku 4. Kuwachezesha wahusika siku 11, kwa kasi ya sekunde tano hadi sita kwa siku kwa animeta mmoja aliyezoea. Kuunganisha tabaka, muziki na milio, siku 4. Masahihisho siku 4. Jumla ni siku 38 za mtu mmoja. Watu wanne wakigawana, kazi huchukua wiki tatu na zaidi, si siku kumi, kwa sababu hatua hazipishani zote: huwezi kuchezesha mhusika ambaye hajarigiwa.

Kwa malipo ya shilingi 40,000 kwa siku, ambayo si anasa kwa fundi mwenye ujuzi huu, mikono peke yake ni shilingi 1,520,000. Ongeza msomaji wa sauti, umeme, intaneti, kuchakaa kwa mashine na kodi. Dakika moja haiwezi kushuka chini ya milioni mbili bila mtu fulani kudhulumiwa. Anayewaletea bei ya laki mbili ana moja ya mambo matatu: wahusika wa kununua mtandaoni wasiofanana na mtu yeyote wa Ukerewe, programu ya wizi, au mdogo wake asiyelipwa.

Mfano mmoja kwa ukaribu, ili muone fedha huliwa wapi. Mkoa uliozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018 hauhitaji kuelezwa umuhimu wa jaketi okozi. Tuseme TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, inataka ujumbe unaomwonyesha mvuvi akilivaa: anapitisha mikono, anafunga kifungo cha kifuani, anakaza mkanda. Sekunde nane tu. Lakini kwenye sekunde hizo nane kuna mikono miwili, nguo inayokunjika, mikanda inayopita nyuma ya mwili na vidole vinavyobonyeza. Mhusika wa vipande hawezi kufanya hivyo. Mikono na jaketi lazima vichorwe upya kwa mkono. Runinga yetu huenda fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde nane ni fremu 200. Tukichora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, kama ilivyo desturi, ni michoro 100. Michoro hiyo ikishakamilika, ndipo afisa anatazama na kusema, "Jaketi hili silo lililoidhinishwa, letu mkanda unapita chini ya mapaja." Michoro 100 imekufa. Dawa yake ni rahisi mno: siku ya kwanza leteni jaketi lenyewe, lipigwe video likivaliwa na mtu anayejua kulivaa, na video hiyo isainiwe kuwa ndiyo rejea.

Hapo ndipo kazi nyingi za umma huharibikia, kwenye idhini. Muswada unapitishwa na afisa habari, katuni inatengenezwa, kisha siku ya kuikabidhi ndipo daktari, mwanasheria na mfadhili wanaiona kwa mara ya kwanza, kila mmoja na maoni yake. Kubadilisha kitu kwenye storibodi ni kazi ya saa moja. Kubadilisha kitu hichohicho baada ya kurenda, yaani kompyuta kutoa picha za mwisho, ni kazi ya siku kadhaa. Sauti ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa midomo na mikono ya wahusika huchezeshwa kuifuata; sentensi moja ikibadilishwa baadaye, midomo inarudiwa, ishara za mikono zinarudiwa, na mara nyingi urefu wa picha nzima unabadilika na muziki unahama.

Tunaomba kila hadidu rejea ya kazi ya animesheni iwe na vituo vinne vya idhini: muswada; storibodi na animatiki; wahusika, mandhari na sauti ya mwisho; kisha kazi kamili. Kila kituo kiwe na saini ya mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo, mwenye mamlaka ya kukusanya maoni ya wenzake wote ndani ya siku tano za kazi. Masahihisho mawili kwa kila kituo yawe ndani ya bei. Anayetaka kurudi kituo kilichosainiwa alipie. Kipengele hiki kinaweza kuonekana cha kibabe kikitoka kwa vijana, lakini kinamlinda mnunuzi pia, maana kazi haitasuasua mwaka mzima ikisubiri barua.

Hadidu hizo zitaje pia kinachokabidhiwa. Faili moja ya runinga, 1920 kwa 1080. Moja ya wima kwa ajili ya simu, na hiyo ipangwe tangu storibodi, kwani kuikata picha ya ulalo baadaye huacha nusu ya mtumbwi nje. Nakala nyepesi ya kutumwa WhatsApp: sekunde 60 kwa megabiti 2 kwa sekunde hutoa faili ya megabaiti kama 15, mtu wa kisiwa cha Ukara anaipokea bila kumaliza bando. Nakala yenye maandishi chini kwa wasiosikia. Na nakala isiyo na sauti za wahusika, yenye muziki na milio tu, ili mkitaka kuitolea sauti ya Kisukuma au Kikerewe kwa mikutano ya BMU (vikundi vya usimamizi wa uvuvi mialoni) isilazimu kuanza upya. Kuhusu faili za chanzo, yaani rigi na michoro yenyewe, mkataba useme wazi kama mnazinunua au la, na kwa bei gani. Mkinyamaza, mwaka wa pili mnataka mhusika yuleyule, studio nyingine haina rigi yake, na ugomvi unaanza.

Soko lipo, wala halihitaji kubuniwa. Kichocho peke yake kinatosha kuwapa kazi watu kadhaa mwaka mzima. Kamera haiwezi kuonyesha kimelea kikitoka kwenye konokono na kupenya ngozi ya mtoto anayeoga ziwani. Katuni inaweza, na kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, hapa Mwanza kina wataalamu wa kuhakiki kila mchoro. MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, ina mambo ya kueleza kuhusu maji na mita zake. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ina vyanzo vya kulinda. Idara za uvuvi zinahitaji kumwonyesha mama wa mwaloni tofauti ya dagaa waliokaushwa juu ya kichanja na waliomwagwa mchangani, bei zao na mchanga uliomo. Tukikadiria kwa uangalifu, taasisi kumi zikinunua dakika tatu kila moja kwa mwaka, ni dakika 30, au siku 1,140 za kazi kwa hesabu yetu ya hapo juu. Hiyo ni ajira ya mwaka mzima ya watu wanne hadi watano. Ni wachache, tunajua. Lakini ni watu wanaojulikana kwa kazi yao, ambao benki, kwaya na wateja wa Kigali au Kampala wanaweza kuwaona na kuwaongezea oda. Na kila mmoja wao hufundisha mwingine akiwa kazini.

Njia ya kununua nayo ipo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, vinatoa nafasi kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, kwa asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi. Kinachokosekana ni kazi zetu kutajwa kwa jina kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka. Zikifichwa ndani ya "vifaa vya uhamasishaji", zabuni inakwenda kwa mwenye mashine ya kuchapa fulana, naye anatafuta kijana wa kumchorea kwa bei ya soda. Andikeni "utengenezaji wa animesheni, sekunde 60, nakala tano kama zilivyoorodheshwa", na iandikwe mapema, wakati bajeti za halmashauri zinapotengenezwa, kabla Julai haijafika. Sifa za mzabuni zisiwe mauzo ya miaka mitatu iliyopita, maana kijana hana. Ziwe shorili, yaani video ya kazi zake bora, ya sekunde 60 hadi 90 na jaribio la storibodi la kulipwa. Malipo yafuate vituo vya idhini: asilimia 30 animatiki ikisainiwa, 30 wahusika, mandhari na sauti ya mwisho vikisainiwa, 40 siku ya kukabidhi. Kazi ambayo malipo yake yote yanasubiri mwisho huwafaa wenye mitaji peke yao.

Suala la mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo vijana wana 4 zao, tutalisema kwa kifupi. Marejesho ya kila mwezi humfaa mwenye bodaboda anayeingiza hela tangu jioni ya kwanza. Kikundi cha animesheni kinalipwa kazi ikifika kituo fulani. Ruhusuni mkataba uliosainiwa uwe msingi wa mkopo, na tarehe za marejesho zifuate tarehe za malipo ya mkataba huo. Basi.

Jambo la tatu ni chumba. Mnayo majengo ya umma yenye vyumba vinavyotunza meza mbovu. Tunaomba kimoja, pamoja na mashine kumi, na tunawasihi msizinunue kabla hamjatusikiliza. Kosa la kawaida katika miradi ya aina hii ni kununua laptopu za ofisi: prosesa nzuri kwenye karatasi, kumbukumbu ya gigabaiti 8, bila kadi ya grafiksi inayojitegemea. Zinafungua programu, wageni rasmi wanapiga picha, na wiki ya pili mandhari ya 3D yenye miti michache inazigandisha. Zinazofaa ni kompyuta za mezani zenye kumbukumbu ya gigabaiti 32 na kadi ya grafiksi yenye gigabaiti 12, angalau 8, ambazo zinaweza kuongezewa kipuri badala ya kutupwa. Kila mashine na kibao cha kuchorea cha kawaida. Vile vyenye kioo havihitajiki kwa anayeanza. Programu haziwagharimu kitu: Blender kwa 3D, Krita kwa uchoraji, OpenToonz kwa 2D, zote za bure na halali. Filamu ndefu ya Latvia iliyoshinda Oscar ya animesheni mwaka 2025 ilitengenezwa kwa Blender. Ni vizuri kuongeza kwamba taasisi ya filamu ya nchi yao iliichangia fedha, kwa hiyo programu ya bure haikumaanisha filamu ya bure.

Umeme unataka hesabu. Dakika moja ni fremu 1,500. Fremu ya 3D ikichukua dakika nne kurendwa, mashine moja inahitaji saa 100, siku nne na zaidi mfululizo. Mashine kumi zikigawana, ni saa 10, usiku mmoja. Mashine hizo zikivuta wati 450 kila moja ni kilowati 4.5, kwa saa 10 ni uniti 45, ambazo kwa bei ya LUKU ya elfu kumi kwa uniti kama 28 ni shilingi elfu kumi na sita hivi. Gharama inabebeka. Kinachoumiza ni umeme kukatika saa nane usiku. Anayerenda moja kwa moja kwenye faili ya video hupoteza kila kitu, kwa kuwa faili isiyofungwa vizuri haifunguki. Lazima kurenda picha mojamoja kwenye folda ya pamoja ya mtandao wa ndani. Kwenye Blender, alama ya kuandika juu ya faili iliyopo inaondolewa, na ile ya kushikilia nafasi inawekwa, ili mashine mbili zisirende fremu moja. Umeme ukirudi kazi inaendelea ilipoishia. Ila zile fremu zilizokuwa zikirendwa wakati wa kukatika huacha faili tupu za baiti sifuri, na mashine zikiamka huzihesabu kuwa zimekamilika na kuziruka. Usipopanga folda kwa ukubwa wa faili na kuzifuta hizo kwanza, video inatoka na vishimo vyeusi ambavyo mteja ataviona kabla yako.

Kwa sababu hiyo hatuombi betri za kubeba chumba kizima. Bei yake ingenunua mashine nyingine kadhaa. Betri zibebe hifadhi ya faili, swichi ya mtandao na mashine tatu za watu walio kwenye tarehe ya mwisho. Nyingine zijizime na kujiwasha. Kiyoyozi hakikwepeki: kilowati 4.5 za mashine hugeuka joto lote, ambalo ni zaidi ya BTU 15,000 kwa saa, hivyo kiyoyozi cha 18,000 kinabakiwa na nafasi ndogo kwa ajili ya watu kumi na jua la mchana. Na kama chumba kitakuwa karibu na maji, madirisha yawekwe wavu wa matundu madogo kabisa. Vile vidudu vya ziwani vinavyoinuka kama moshi hufuata taa usiku, feni za kompyuta huvivuta ndani, na uji wake kwenye kadi ya grafiksi hausafishwi kwa kupuliza.

Intaneti tunaitaja kwa sababu moja, kasi ya kupakia. Watoa huduma hutangaza kasi ya kushusha. Picha 1,500 za megabaiti 3 ni gigabaiti 4.5, saa mbili kwa megabiti 5 kwa sekunde. Mteja wa nje akitaka zile picha nzito za tabaka nyingi, megabaiti 25 kila moja, dakika hiyohiyo inakuwa gigabaiti 37.5, takriban saa 17, na laini ikikatika katikati unaanza upya kama hukutumia njia inayoendelea ilipoishia. Mkongo wa Taifa umefika Mwanza. Tunaomba chumba hicho kiunganishwe kwa nyaya, kiwe na kasi ya kupakia isiyopungua megabiti 20.

VETA, neno letu kwenu. Tangu 2024 mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, umeingia sekondari, na miaka michache ijayo watakuja kwenu vijana waliokwisha kushika kalamu na kompyuta. Msiwape kozi ya programu. Programu inabadilika kila mwaka. Jicho linalojua uzito halibadiliki. Mpango wa miezi kumi unatosha kumtoa mtu anayeajirika. Miezi miwili ya kwanza ni kuchora tu, na nusu yake nje ya darasa: wapelekeni Mwaloni Kirumba wawachore wabeba mizigo, waone goti linavyopinda kabla gunia halijainuka na bega linavyoshuka likishawekwa. Asiyeliona hilo atatengeneza wahusika wanaobeba gunia kana kwamba ni mto wa kulalia. Miezi miwili ya mpira unaodunda, pendulamu, mwendo wa mtu, mtu anayesukuma mkokoteni. Kisha wagawanywe: storibodi, kurigi, kuchezesha, mandhari, kuunganisha na sauti, kwa sababu studio haiajiri mtu wa kila kitu, na anayerigi vizuri ni adimu kuliko anayechora vizuri. Miezi minne ya mwisho watengeneze kazi moja ya dakika tatu hadi tano kwa mnunuzi halisi, mwenye saini zake na tarehe zake. Mwalimu mmoja kwa wanafunzi wasiozidi 12, maana kila mmoja lazima atazamwe kazi yake fremu kwa fremu. Kigezo cha kufaulu kiwe shorili, na ipimwe na watu wa kazi pamoja na walimu.

Kama rasilimali zinaruhusu kimoja tu kati ya haya mwaka huu, anzeni na ununuzi. Chumba bila oda kitageuka mahali pa kuchezea gemu, na kozi bila oda itatoa watu wa kupanda basi la Dar.

Tunaomba kikao cha saa mbili kabla bajeti za mwaka ujao hazijafungwa. Waje maofisa ununuzi, si maofisa habari peke yao. Sisi tutakuja na rasimu ya hadidu rejea yenye vituo vinne, orodha ya vifaa yenye bei za maduka matatu ya hapa mjini, na animatiki ya sekunde 60 kuhusu kichocho ambayo mtakuwa huru kuikosoa, kwa kuwa katika hatua hiyo masahihisho ni ya bure.

Tunawasilisha.

Watengenezaji wa animesheni, Mwanza